Heparini au dawa ya kuvunja donge?
Donge la damu likiziba mishipa ya mapafu, wagonjwa wengi huanzishiwa heparini. Wengi huiita dawa ya kuyeyusha damu, lakini haiyeyushi chochote: inazuia donge lisikue, huku mwili wenyewe ukilimaliza polepole. Dawa inayolivunja ni alteplezi, kwa kawaida miligramu 100 kwa dripu ya saa 2.

Presha ikiporomoka, alteplezi ndiyo chaguo, isipokuwa mgonjwa ana hatari kubwa ya kuvuja damu, kama aliyetoka kupata kiharusi.

Ugumu uko kwa yule ambaye moyo upande wa kulia umeelemewa, lakini presha bado imesimama. Utafiti wa PEITHO wa 2014 uliwafuatilia wagonjwa 1,005 wa aina hiyo. Waliopewa tenekteplezi, nduguye alteplezi, pamoja na heparini, waliokufa au kuporomoka presha ndani ya siku 7 walikuwa asilimia 2.6, kwa heparini peke yake, 5.6. Nafuu hiyo! Ila kiharusi kilipanda: asilimia 2.4 dhidi ya 0.2. Kwa hao ningeanza na heparini, jicho lisibanduke kwenye mashine ya presha, na alteplezi iwe karibu.