Programu ya daftari la mauzo kwenye simu na tableti: uzoefu wangu Kigoma

Natunza hesabu za biashara ya familia yetu, dagaa na mawese. Dagaa tunachukua mwaloni Kibirizi, stoo iko Mwanga, na mauzo yote yanaingizwa kwenye programu moja ya daftari. Mimi natumia tableti ya inchi 8, wenzangu simu za kawaida, kwa hiyo naiona kwenye vioo tofauti kila siku.

Kwenye tableti sina ubishi, imetulia. Majina ya wateja yanakaa kushoto, ukigusa jina deni linafunguka kulia palepale. Kwenye simu majina yanajaza kioo kizima na deni lina ukurasa wake. Muuzaji wetu mmoja alidhani nimelipia toleo la juu, kumbe ni ileile. Simu yake ina pikseli 720 kwa upana, tableti yangu 800, tofauti ndogo kabisa. Ila Android haipangi kwa pikseli tupu, inapanga kwa dp, kipimo chake cha ukubwa wa vitu kwenye kioo, na dp moja ni pikseli moja kwenye kioo cha pikseli 160 kwa inchi. Simu yake ina msongamano wa pikseli 320 kwa inchi, kila dp inakula pikseli mbili, kwa hiyo upana unabaki dp 360. Tableti yangu ina 213, inavuka dp 600 kwa nukta tu. Na hapo 600 ndipo watengenezaji wengi wanapoweka mpaka: mpangilio wa tableti huwekwa kwenye folda ya layout-sw600dp, na kifaa ambacho upande wake mfupi unafika hapo ndicho kinachoupata. Ndiyo maana simu hata ukiilaza safu mbili haziji.

Alama na picha ziko safi kote, hilo sina la kusema.

Shida iko kwa shangazi. Yeye ndiye anayepokea mawese stoo, na macho yake yanataka maandishi makubwa, basi nikamkuzia herufi na onyesho lote kwenye mipangilio ya simu. Ukikuza onyesho, simu inajihesabia msongamano mkubwa zaidi, na ile dp 360 ikashuka hadi 320. Ukurasa wa kuingiza mauzo ukamshinda. Kitufe cha Hifadhi kikazama chini ya kioo, na ukivuta ukurasa haupandi. "Mwanangu, nimeshaandika madumu manne, sasa nabonyeza wapi?" Kibaya zaidi ni jumla ya deni: shilingi 1,240,000 ilionekana 1,240,0 halafu imekatwa. Mtu wa haraka anaweza kumdai mteja elfu kumi na mbili na mia nne, na hizo ni hela za watu.

Hili halihitaji maarifa makubwa kulirekebisha. Maandishi ya Android hupimwa kwa sp ili yakue mtumiaji anapotaka. Kisanduku kinachoyabeba kikifungwa kwa kipimo kimoja, herufi zinakua na nafasi haikui. Waache kisanduku kitanuke, ukurasa uweze kuvutwa, basi. Na vile vitufe vya kuongeza na kupunguza idadi wavipanue pia. Mwongozo wa Android unasema angalau dp 48 kila upande, hivi vya kwao vimebanana mno kwa kidole chenye mafuta. Nimewaandikia yote haya pamoja na picha za kioo, na nasubiri jibu.

Kwa tableti naipa nyota tano. Kwa simu yenye herufi za kawaida, nne. Kwa simu ya shangazi ni mbili, na kwa sasa anaandika kwenye karatasi, jioni naingiza mimi. Kama nyumbani kwako kuna mtu mzima atakayeitumia, usilipie kwanza. Kuza herufi, fungua ukurasa wa mauzo, angalia kama Hifadhi inaonekana na jumla inasomeka hadi sifuri ya mwisho.