Lubumbashi: kuyasimamisha maduka makubwa kwa muda au kuyaruhusu kwa masharti?

Tuseme mji wa Lubumbashi, huku Kongo (DRC), unasimamisha kwa mwaka mmoja vibali vya maduka makubwa mapya katikati ya mji. Faida ni muda wa kupanga bila kuwaumiza wachuuzi wa sokoni. Mama wa Soko Kenya, soko la mtaa wa Kenya mjini humu, anapima unga kwa meka (kopo la kupimia), anaongeza matabisi (nyongeza ya bure) kwa mkono, na humkopesha jirani hadi mshahara uingie; supamaketi haikopeshi. Hatari ni kwamba zuio la muda huzoeleka, na mwenye kujuana na wakubwa hupata kibali kimyakimya.

Kuruhusu kwa masharti ya ukubwa na maegesho huleta friji na ajira. Lakini nani atakagua kila siku bila kuhongwa? Mimi nachagua kusimamisha, mradi tarehe ya mwisho iandikwe kwenye amri yenyewe.