Gemu za kutunga hadithi za kutisha: ununue ipi kwanza

Kama mko watu wanne hadi sita mnaokutana Jumamosi usiku, iwe Sinza au Tabata, anzeni na Dread. Ilitoka mwaka 2005 na haina dadu wala hesabu. Mmoja anaongoza hadithi, kila mmoja kati ya waliobaki anabeba mhusika wake, na katikati ya meza unasimama mnara wa jenga, yaani vipande vya mbao vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Mhusika wako akitaka kufanya jambo la hatari, tuseme kushuka kwenye daladala iliyozimika njia ya Pugu aone ni nini kilichogonga bodi, unachomoa kipande na kukiweka juu. Ukikataa kuchomoa, jambo hilo linashindikana ila unabaki hai. Mnara ukianguka mkononi mwako, mhusika wako ndiyo basi. Hakuna gemu nyingine ya aina hii inayoleta hofu haraka namna hiyo, kwa sababu mkono unatetemeka kweli.

Kitabu chake kinauzwa mtandaoni kama PDF, na anayehitaji kukisoma ni mwongozaji peke yake. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini mchezo wenyewe mnaucheza kwa Kiswahili bila tabu. Badala ya kujaza karatasi ya namba za nguvu na uwezo, kila mchezaji hujibu maswali kuhusu mhusika wake. Maswali mazuri huwa na kisa ndani yake tayari: "Kwa nini hukumwambia dada yako kwamba funguo za nyumba ya Upanga unazo wewe?"

Pesa nyingi hupotea kwenye jenga yenyewe. Seti kamili ina vipande 54, yaani ngazi 18 za vipande vitatu vitatu, na kipande halisi kina takriban sentimita 7.5 kwa 2.5 kwa 1.5. Ukiwa dukani Kariakoo, panga vipande vitatu ubavu kwa ubavu, kisha weka cha nne juu yake kwa kukatisha. Kikizidi au kikipungua, mnara utakaa upande tangu mwanzo. Epuka seti ndogo za kuchezea watoto: vipande vyake ni vyepesi mno, mnara unaporomoka kwa kuguswa na kiwiko na mchezo unaisha kabla hadithi haijakolea. Ukimwagiza fundi seremala wa Keko, mwambie apige msasa hadi vipande viteleze na asipake vanishi, maana kwa joto la Dar vanishi hunata. Usimdai pia vipande vilingane unene kabisa. Tofauti ndogo ndiyo inayofanya vingine vilegee na vingine vikaze. Meza isicheze.

Ya pili ni Ten Candles, ya 2015. Hii ni ya kundi linalokubali mwisho mchungu, kwa kuwa wahusika wote hufa na kila mchezaji analijua hilo tangu mwanzo. Inataka mishumaa 10 midogo ya vikombe vya bati, dadu 10 za kawaida (za ludo zinafaa) na nyingine chache za rangi tofauti, kadi za kuandikia sifa za wahusika, kalamu, na simu ya kurekodia ujumbe wa mwisho wa kila mhusika. Mkirusha dadu, mnahitaji angalau 6 moja ili mfanikiwe. Zinazotoa 1 zinawekwa kando hadi tukio, yaani sehemu hiyo ya hadithi, liishe. Isipotoka 6, mshumaa mmoja unazimwa na tukio linaisha. Mshumaa uliozimika kwa upepo nao hauwashwi tena, kwa hiyo feni lazima izimwe. Kwa joto la Januari, kukaa bila feni ni adhabu. Chezeni Juni au Julai. Kabla ya siku yenyewe, washa mshumaa mmoja wa majaribio: ukiwaka chini ya masaa matatu, tafuta pakiti nyingine. Kadi huchomwa wakati wa mchezo, basi andaa sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na pazia.

Alice Is Missing ni ya watu watatu hadi watano na huchezwa kimya kwa dakika 90, kila kitu kikiandikwa kwenye simu kuhusu msichana aliyepotea. Huzuni yake ni kubwa kuliko utisho wake. Muwe na bando, simu zenye chaji, na kadi zilizochapishwa steshenari kwenye karatasi ngumu, maana karatasi nyepesi huonyesha maandishi upande wa pili.

Call of Cthulhu, ya tangu 1981, naiweka mwisho kwa wanaoanza. Ni nzuri sana, ila mwongozaji ana mengi ya kusoma na dadu zake za pande nyingi ni adimu madukani. Programu ya simu inaziba pengo hilo. Chaosium, kampuni inayoichapisha, hutoa bure kanuni fupi zenye kisa kimoja kamili. Chezeni hicho kwanza kabla ya kulipia kitabu kikubwa.

Gemu yoyote mtakayochagua, kila mmoja aseme mapema kitu asichotaka kiguswe. Aliyefiwa karibuni asikutanishwe na jeneza, na tuhuma za uchawi dhidi ya ndugu wa kweli wa mchezaji zisiingizwe kabisa.