"Hili ni VX, si Vitz": uzoefu wangu na soko la Land Cruiser 100

Kauli yenyewe ndiyo hii: "Mzee, hili ni VX, si Vitz. Wenye hela zao hawaulizi maswali." Ilitamkwa kwenye yadi moja hapa Dar, mbele ya Land Cruiser 100, ambalo mtaani tunaliita VX, si zamani sana, na muuzaji aliyeitamka alikuwa ameshatia ufunguo mfukoni. Nilichomwomba ni kitu cha dakika mbili: awashe injini, aminye swichi ya kimo, nami nifungue boneti nitazame tangi dogo la mafuta ya AHC, mfumo wa Toyota wa kuinua na kushusha gari. Basi. Sikuomba punguzo, sikuomba lifti.

Kwa hiyo anayetafuta maoni ya upole kuhusu Land Cruiser 100 apite kando. Injini ina CC ngapi na viti vingapi, hayo yamejaa kila mahali. Mimi nasema habari ya soko lake, na soko limeoza. Toyota waliacha kulitengeneza mwaka 2007, ila madalali wanalipangia bei kama limeshuka bandarini jana. Anaangalia namba ya usajili, akikuta herufi ni D, ya usajili wa karibuni zaidi, badala ya B anaongeza mamilioni, kana kwamba herufi ya kibao ndiyo inayobeba gari kwenye mashimo.

Nakubali, bei haijapanda bure. Kenya hairuhusu mtumba uliozidi miaka 8 tangu usajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo 100 kutoka Japani haliingii tena huko. Yaliyopo ni yale yale yanazungushwa mkono kwa mkono. Kwetu bado linaagizika, lakini TRA wanakupiga ushuru wa ziada wa umri juu ya ule wa injini kubwa. Ukisema uruke kwenye 200, toleo lililolifuata, Japani waliuza la petroli tu. La dizeli lenye usukani wa kulia limetoka kwingine, mfano Australia au Uingereza, au lilinunuliwa jipya huku huku, na mwenye nalo anajua analo. 300 ndiyo usiseme: mwaka 2022 Toyota wenyewe walitangaza kwamba mteja wa Japani angeweza kusubiri hadi miaka 4, na halina tena injini ya V8. Ndiyo maana la zamani linashikilia bei. Sawa. Lakini bei ya jina isinifanye nilipie kitu ambacho kimeshang'olewa.

Na kilichong'olewa, mara nyingi, ni AHC. Wengi mtaani wanaita "shokapu za hewa", na fundi wa hivyo utamkuta anatafuta kompresa ya upepo chini ya gari. Haipo. Ni mafuta. Pampu inasukuma mafuta kwenda kwenye shokapu nne, na kila shokapu ina mtungi wake wa mviringo wenye gesi ya naitrojeni na utando wa mpira ndani. Gesi ndiyo inayomeza matuta. Mbele kuna tosheni (fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi), nyuma kuna springi, lakini vyote viwili viliundwa laini kuliko vya gari lisilo na AHC, kwa sababu sehemu ya uzito inabebwa na mafuta. Ishike hiyo, nitairudia nikiwa nimekasirika zaidi.

Gesi haikai milele. Miaka ikienda inapenya kwenye utando, mtungi unajaa mafuta, na gari linaanza kugonga kama lori tupu. Hapo mtu anaambiwa "VX limechoka." Halijachoka, mitungi imekufa. Kipimo ni hicho nilichonyimwa: injini inanguruma, gari limesimama pa tambarare, literemshe mpaka LO, kimo cha chini kabisa, soma mafuta yamefika alama ya ngapi kwenye tangi. Lipandishe mpaka HI, kimo cha juu, subiri pampu inyamaze, soma tena. Mitungi mipya hunywa mafuta mengi, tofauti inakuwa kama alama 14. Ikishuka kwenye 7 au 8, mitungi imekwisha. Isipobadilika kabisa na gari halijainuka, hakuna AHC hapo, kuna swichi ya mapambo.

Kipimo hicho hakihitaji kompyuta wala utundu. Ndiyo maana muuzaji akikataa, anajua anachokificha. Namrudia yule bwana: alijua. Mtu asiyejua anawasha gari.

Wakikuzuia boneti, tumia macho. Fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, tazama dashibodi: taa ya OFF ya AHC inatakiwa iwake kidogo kisha izime yenyewe. Ikiwaka na kumweka bila kukoma, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imezibwa kwa gundi nyeusi nyuma ya kioo cha geji, ujanja wa kawaida kabisa. Kisha inama uangalie juu ya shokapu: ya AHC ina bomba la chuma linaloingia kichwani. Ukikuta shokapu nzima haina bomba, na bomba lenyewe limekunjwa na kufungwa waya kwenye chasisi, umemaliza ukaguzi.

Sasa gereji. Fundi akishakuta mitungi imekufa, dawa yake ni moja: "Toa takataka hizi, weka shokapu za kawaida." Anafunga shokapu nne mpya, anakupa gari. Na tosheni? Zile zile laini. Springi za nyuma? Zile zile laini. Mafuta yaliyokuwa yanasaidia kubeba uzito hayapo tena, kwa hiyo pua inainama ukishika breki, mkia unakaa chini ukipakia watu, na kwenye kona gari zito kama hili linayumba mpaka abiria anashika mlango. Fundi anakaza boliti za tosheni mpaka mwisho ili pua ipande. Imepanda, lakini sasa gurudumu la mbele halina nafasi ya kushuka, kila tuta linapiga stopa, ule mpira wa kuzuia mwisho. Ukitaka kutoa AHC kwa haki, unabadilisha shokapu nne, tosheni mbili na springi mbili za gari lisilo na AHC, zote kwa pamoja. Ni watu wachache mno wanaofanya hivyo, kwa sababu ukijumlisha hesabu hiyo unakuta haipishani sana na kuifufua AHC yenyewe.

Kuifufua kunawezekana, na hapa ndipo hasira yangu kwa mafundi inapozidi ile ya madalali. Agiza mitungi minne mipya. Usinunue ya mtumba, maana gesi haionekani kwa nje. Mafuta ni yale ya AHC ya Toyota, kopo la lita 2.5, chukua mawili ili usafishe mfumo wote. Usikubali mafuta ya breki hata kidogo: ya AHC ni ya asili ya madini, na yale ya breki yanavimbisha sili zote, ukishayatia umeua pampu na shokapu kwa pamoja. Nimeona tangi lenye harufu ya DOT 3, yaani mafuta ya breki, na mwenye gari anaapa limetoka Japani hivyo hivyo.

Kazi yenyewe iko hivi. Gari lishushwe LO, injini izimwe, liwekwe juu ya stendi za uhakika. Mtu asiingie chini huku injini inanguruma, linaweza kushuka lenyewe. Vaa mpira mwangavu kwenye nati ya kutolea upepo, fungua taratibu, presha itoke yote kabla hujagusa mtungi. Mtungi unafunguka kwa spana ya bomba au ya mnyororo, ukigoma upulizie mafuta ya kutu na uuache ulale. Oringi mpya, ipakwe mafuta yale yale, funga. Jaza tangi, washa, pandisha N (kimo cha kawaida), zima, toa upepo, jaza tena. Mbele kwanza, kisha nyuma, kisha akumuleta (mtungi wa akiba ya presha) iliyoko kwenye pampu, rudia mpaka mafuta yatoke masafi bila mapovu. Tangi lisishuke chini ya MIN hata mara moja, pampu ikinyonya upepo unaanza upya.

Halafu kuna hatua ambayo gereji nyingi wanairuka, ndiyo inayoua mitungi mipya mapema. Lazima upime kimo na presha. Gari likiwa N, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi iwe kama sentimeta 50 mbele na 52 nyuma. Kisha mashine ya kupimia isome presha: mbele inatakiwa kuwa karibu MPa 6.9 (megapaskali, kipimo cha presha), nyuma kati ya 5.6 na 6.7. Presha ya mbele ikizidi, maana yake tosheni zimelegea na mafuta yanabeba mzigo usio wake. Kaza boliti ya tosheni kila upande kwa soketi ya 30; mzunguko mmoja unashusha takriban MPa 0.2. Nyuma ikizidi, springi zimechoka: weka mpya au kitako cha milimita 30. Sensa za kimo ziko tatu, mbili mbele na moja nyuma, na vifundo vyake hula kutu. Fundi mvivu anapinda mkono wa sensa ili gari lionekane limesimama sawa. Limesimama sawa huku presha imefika 9. Miezi kadhaa baadaye mwenye gari anatukana Wajapani.

Mengine ya kuangalia nitayapita haraka. Lenye 1HD-FTE, ile dizeli ya silinda sita, lina mkanda wa taimingi, na taa ya T-BELT huwaka kila zikifika kilometa zilizopangwa za kuubadilisha. Taa hiyo inarudishwa bila mkanda kubadilishwa, kwa hiyo usiiamini, dai kuuona mkanda. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. La petroli 2UZ nalo lina mkanda. Tafuta stika ya Kijapani kwenye kava au kwenye boneti yenye tarehe na kilometa za mkanda kubadilishwa, kisha ilinganishe na geji. Utacheka. Nyuma ya injini hiyo, karibu na ukuta wa kabini, kuna viungo viwili vya plastiki vya umbo la T vya mipira ya hita. Hakuna anayewasha hita Dar, lakini maji ya injini yanapita humo muda wote, na plastiki ikishazeeka inameguka mkononi kama biskuti. Ikimegukia njiani, maji yote yamekwenda na injini imepikika kabla hujaona geji. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote nilizotaja. Chasisi nayo: gari lililoishi mikoa ya theluji Japani limekula chumvi ya barabarani, gonga kwa nyundo ndogo juu ya ekseli ya nyuma na kwenye mabomba ya AHC yanayopita ubavuni. Rangi mpya nyeusi na nzito kwenye chasisi, ondoka.

Je, ulinunue? Usinunue. Kwa bei za sasa, na kwa lugha ile ya yadini, hapana. Kama ni uimara tu unatafuta, subiri minada ya magari ya miradi, yale ya DFP: humo kuna 105, ndugu wa 100 wa kazi ngumu, lenye injini ya dizeli ya 1HZ, springi za kawaida, ekseli ngumu ya mbele, halina AHC ya kuibiwa wala balbu ya kuziba. Linapigwa porini, ndiyo, lakini mengi huwa na daftari la sevisi, na fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani hapa Dar analijua kwa kufumba macho.

Ila nisidanganye. 105 ni farasi wa kazi, linakufikisha ukiwa umechoka. Ukishapanda 100 ambalo AHC yake ni nzima, presha ziko mahali pake, barabara ya vumbi ya Kilosa au Ifakara, unaelewa kwa nini watu wanalipa pesa ya wazimu. Hakuna kinachogonga, hakuna kinachoyumba, mwenzako anasinzia kiti cha nyuma. 200 halijanipa hivyo, hasa yale ya chini yasiyo na mfumo huu. Kwa hiyo nafuta nusu ya niliyoandika: bei si kichaa, kichaa ni kulipa bei hiyo kwa lililochunwa. Piga hesabu ya mitungi minne, makopo mawili, tosheni na springi, ongeza ya fundi anayejua kusoma presha, uikate yote kwenye bei mbele ya muuzaji. Akikataa, mwache nalo. Na ukilikuta ambalo mafuta ya tangi yanashuka alama 12 au zaidi, chasisi yake safi, nijulishe mimi kabla hujamwambia dalali.