Chunusi: dawa ya kupaka au kubadili chakula?

Kwa kasi, dawa inashinda. Jeli ya benzoili peroksaidi huua bakteria wanaochochea chunusi, na ndani ya wiki sita hadi nane utaona mabadiliko. Chukua ya asilimia 2.5, inafanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 bila kuunguza sana. Kwa ngozi nyeusi hilo ni jambo kubwa, maana muwasho unaweza kuacha doa jeusi litakalokaa miezi mingi baada ya chunusi kupona. Foronya yangu ya bluu ina mabaka meupe upande ninaolalia: dawa hii hubabua rangi ya kitambaa, kwa hiyo tandika nyeupe.

Chakula hakina uhakika huo. Ushahidi uliopo unagusa zaidi vinavyopandisha sukari ya damu haraka, kama soda, mkate mweupe na maandazi, na kwa baadhi ya watu maziwa. Karanga zinalaumiwa bure. Ila kwa gharama chakula kinaongoza: kuacha soda ya kila siku kunaokoa pesa, na chakula kama maharage hakikaushi uso kama jeli. Ugumu ni kudumu nacho, hasa mnapokula sinia moja.

Uso umejaa sasa hivi? Anza na jeli. Zinakuja na kuondoka, na chai yako ina vijiko vinne vya sukari? Jaribu chakula miezi mitatu. Vinundu vyenye maumivu mpelekee daktari wa ngozi, na krimu za kujichubua usipake kabisa.