Nasaba ya Kiingereza: anzeni na wasia wa Kew, mti wa kununua uacheni

Nimeolewa Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Kwetu Unguja mtoto hutajiwa babu zake kabla hajajua kusoma, kwa hiyo wanangu walipoanza kuuliza baba yao ni wa nani, na huyo naye ni wa nani, sikutaka wawe na nasaba ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili. Mavyaa wangu alikuwa na jibu lake ukutani: mti wa ukoo wa marehemu mumewe, umechapwa kwenye karatasi nzito, na ngao ya rangi juu yake. Waliununua zamani kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Mti ule unaupeleka ukoo mpaka kwa bwana mmoja mwenye mashamba kusini mwa nchi, na hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha habari hizo zimetoka wapi.

Nawaandikia wenzangu wenye waume, wake au wajukuu wa Kiingereza, kwa sababu karatasi za namna ile zinauzwa kila siku na watu wetu wananunua. Ile ngao peke yake ingetosha kututia shaka. Kwa sheria za Uingereza ngao hupewa mtu fulani na kizazi chake cha kiume. Haipewi kila anayeitwa kwa jina hilo. Jina la ukoo la mume wangu limejaa bonde zima la mto Calder, na wengi wao hawana udugu wowote.

Huduma ninayoipendekeza ni ya The National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa iliyoko Kew, London. Katika mkusanyo wao unaoitwa PROB 11 mna wasia zaidi ya milioni moja, kuanzia 1384 hadi mwanzoni mwa 1858, zilizothibitishwa na mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Zamani mirathi ilikuwa kazi ya kanisa, na mahakama hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Unaingia kwenye tovuti yao, unajisajili, unaandika jina, unaandika PROB 11 na miaka unayoitaka, kisha unapakua. Tangu 2020 aliyejisajili hapewi bili. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano.

Nusu nimeizuia kwa sababu ya faharasa. Inakupa jina la mwenye wasia, kazi yake, mahali pake na tarehe, basi. Waliorithi hawamo. Ukimtafuta mtu aliyeachiwa ng'ombe na ami yake, humpati kwa jina lake mwenyewe. Itakubidi upakue wasia za kila mwenye jina la ukoo huo katika parokia ile na uzisome moja baada ya nyingine. Halafu jueni kwamba tarehe iliyoandikwa ni ya kuthibitishwa wasia, si ya kufa. Mtu anaweza kuwa alizikwa mwaka mmoja au zaidi kabla yake.

Picha zenyewe ni nyeusi na nyeupe, zimetolewa kwenye filamu ndogo, na mwandiko ni wa makarani wa zamani. Msitishike. Tovuti hiyo hiyo ina mafunzo ya bure ya kusoma miandiko ya kuanzia 1500 hadi 1800, na mimi niliyapitia usiku baada ya watoto kulala. Ukishaijua h inayoning'inia chini ya mstari, e iliyogeuka nyuma na s ndefu kama f, maneno yanaanza kufunguka. Tena wasia unakusaidia wenyewe, kwa sababu mwanzo wake karibu daima ni mmoja: kwa jina la Mungu, amina, mimi fulani, mgonjwa wa mwili lakini mzima wa akili, namshukuru Mungu, roho yangu naiweka mikononi mwa Muumba, mwili wangu uzikwe kwenye uwanja wa kanisa. Mtu aliyelelewa akianza kila jambo kwa bismillahi haoni ugeni hapo. Utangulizi huo ndio niliofanya darasa, maana najua neno linalofuata kabla sijalisoma.

Mtu wetu tulimpata mahali ambapo mavyaa hakumtarajia. Alikuwa mfumaji wa nguo za sufu katika parokia ya Halifax, na watu wa kawaida wa kaskazini wasia wao ulikuwa ukienda York, si London. Lakini kati ya 1653 na 1660, baada ya mfalme kukatwa kichwa na mahakama za maaskofu kufungwa, nchi nzima ilikuwa na mahakama moja tu ya wasia, na ilikuwa London. Kwa hiyo miaka hiyo michache PROB 11 imewabeba watu wa Yorkshire, Cornwall na Wales pamoja na wafanyabiashara wakubwa wa mjini. Ukoo wako ukiwa wa watu wa kawaida, anzia hapo.

Mfumaji yule alimwachia mkewe kitanda na sufuria za shaba, mtoto mkubwa mtambo wa kufumia na mikasi mikubwa ya kusawazisha nguo, mabinti fedha siku watakapoolewa. Kisha akamtaja mtoto wa marehemu ndugu yake, aliyekuwa na jina sawasawa na la mwanawe. Sentensi hiyo moja iliuangusha mti wa ukutani. Kampuni ile ilikuta wavulana wawili wa jina moja, ikawafanya mmoja, kisha ikamtafutia baba tajiri kusini. Hapa baba zao wote wawili wametajwa, na wote wanatoka bonde lile lile.

Kuna jambo lililonigusa zaidi ya hayo. Mfumaji anasema mali yake igawanywe mafungu matatu: moja la mke, moja la watoto, na la tatu ni lake yeye maiti, na hilo la tatu ndilo analoligawa apendavyo. Nilimsomea mume wangu mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi katika jimbo la kanisa la York hadi 1692: mwenye mke na watoto hakuweza kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake inayohamishika. Sisi tunajua theluthi ya wasia ni nini. Tofauti ni kwamba kwetu wasia haumhusu mrithi, na kwao fungu la maiti liliweza kwenda kwa mtoto yule yule. Tena ardhi ilikuwa na hukumu yake mbali. Baada ya 1692 desturi ile ilifutwa, mtu akawa huru kumwachia amtakaye. Jambo hili lina faida kwa mtafutaji. Mtoto asiyetajwa katika wasia wa kaskazini wa wakati ule si lazima awe amekufa au amekosana na baba yake. Fungu lake lilikuwa limehifadhiwa na desturi, au alishapewa siku ya ndoa yake, au ni mkubwa aliyerithi shamba bila kuhitaji kuandikiwa.

Madaftari ya parokia yanakuja baada ya wasia. Najua walimu wengi wa kazi hii wanaanza nayo. Yalianza 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Henry wa Nane, alipoamuru kila kanisa liandike ubatizo, ndoa na maziko. Mwanzoni wengi waliandika kwenye karatasi hafifu. Ndipo 1598 ikaamriwa yanakiliwe kwenye ngozi, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Nakala hizo za askofu msizisahau, zimeokoa watu wengi ambao daftari lao liliharibika. Halifax ni parokia kubwa mno, yenye vitongoji zaidi ya 20, na bahati nzuri karani aliandika kitongoji cha baba. Jina la mama mara nyingi hakuliandika. Unapata John mtoto wa William wa Sowerby, na mwezi ule ule John mwingine mtoto wa William mwingine. Daftari linakupa majina bila kukwambia nani ni nani kwa nani, na ndiyo maana nasema wasia kwanza.

Kwa kuyasoma, tovuti ya FamilySearch, ya Wamormoni wa Utah, ni bure na ni kubwa sana. FreeREG pia ni bure, imeandikwa na watu wa kujitolea, na mimi nimekuta usomaji wao ni wa uangalifu. Picha za madaftari ya West Yorkshire ziko Ancestry, ambako hulipiwa, lakini kabla ya kutoa kadi ya benki ulizeni maktaba ya mtaa wenu, maana maktaba nyingi za Uingereza zinawafungulia wasomaji wake bila malipo. Kazi hiyo mimi naifanya kule maktaba tu.

Mambo machache ya madaftari yanahitaji tahadhari. Mwaka wa zamani wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, na haukubadilishwa kuanza Januari hadi 1752. Mavyaa alihuzunika alipoona ndoa ya Juni 1640 na mtoto aliyebatizwa Februari 1640, akadhani mtoto alitangulia ndoa. Februari ile ilikuja miezi minane baada ya Juni; kwa hesabu ya leo ni 1641. Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1642, madaftari mengi yana mapengo, na hapo wasia ndio daraja pekee. Kuanzia 1754 ndoa zinaandikwa kwenye fomu zenye saini za maharusi na mashahidi, na mashahidi mara nyingi ni ndugu. Kuanzia 1813 ubatizo unataja kazi ya baba.

Na katika maziko ya mwishoni mwa karne ya 17 mtaona imeandikwa kwamba kiapo kimeletwa, yaani kiapo kwamba maiti amevishwa sufu. Sheria ilitaka kila maiti avishwe sanda ya sufu ya Kiingereza, ili biashara ya sufu isife, na aliyevunja alitozwa paundi 5. Kwa ukoo wa wafumaji wa sufu nililisoma hilo kwa moyo mzito. Walifuma kitambaa maisha yao yote, kisha serikali ikahakikisha wanazikwa nacho.

Mtu akitaka kuona wasia na daftari vinavyokamilishana, afungue mfano ambao kila mtu anaweza kuukagua: ukoo wa William Shakespeare. Wasia wake ni wa 25 Machi 1616, nao uko Kew. Watu hukumbuka kitanda cha pili kwa ubora alichomwachia mkewe. Mimi namtazama dada yake Joan, aliyeachiwa paundi 20, nguo za kaka yake, na nyumba ya kukaa maisha yake yote kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Watoto watatu wa kiume wa Joan waliandikiwa paundi 5 kila mmoja, William, Michael, na katikati yao pengo tupu. Jina halikuandikwa. Daftari la kanisa la Holy Trinity, Stratford, linalijaza: Thomas Hart, aliyebatizwa 1605. Mjukuu wa mwisho wa Shakespeare, Elizabeth, alifariki 1670 bila mtoto, na kwa wasia wake nyumba ya mtaa wa Henley, alikokaa Joan, ilikwenda kwa Thomas na George Hart, wana wa Thomas yule yule ambaye jina lake liliachwa wazi. Kizazi cha mshairi kilikatika, cha dada yake kikaendelea.

Huduma hii ya Kew ina wasiomo, na ni haki niwataje. Maskini hawakuandika wasia. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kuandika bila idhini ya mumewe hadi sheria ya 1882, kwa hiyo wanawake mtakaowapata ni wajane na wasioolewa, na wasia zao nazipenda kuliko za waume zao, kwa sababu wanataja kila binti, kila mpwa wa kike, kila kanzu itakwenda kwa nani. Wenye ukoo wa Devon wana msiba wao: wasia nyingi sana za huko ziliteketea Exeter iliposhambuliwa kwa mabomu Mei 1942. Wa Yorkshire wasiomo Kew waulizwe Borthwick Institute, katika Chuo Kikuu cha York. Na waliofariki baada ya 11 Januari 1858 wako kwenye faharasa ya serikali, ambayo kuitafuta ni bure na nakala hulipiwa.

La mwisho kwa wanaotaka kuona mkono wa marehemu mwenyewe. PROB 11 ni vitabu vya makarani. Walinakili wasia wote, pamoja na jina la chini, kwa mwandiko wao. Ile saini si ya babu yenu. Wasia wa asili, wenye saini au alama ya aliyeshindwa kuandika, uko katika mkusanyo wa PROB 10, na huo unaombwa katika chumba cha kusomea Kew. Kadi ya msomaji ni bure. Chukueni kitambulisho na uthibitisho wa anwani, na kalamu ya risasi, maana ya wino hairuhusiwi kuingia.