Pislili yangu iligeuka kijani nikaenda kudai pesa zangu

Nilipanda tuktuk kutoka Tudor hadi Nyali, mchana wa jua la kaskazi, chungu cha maua kikiwa mapajani, nikaenda kugombana. Ua la pislili, mmea wa sebuleni, nililouziwa wiki tano nyuma likiwa jeupe kama kanzu ya Idi lilikuwa limegeuka kijani. Kunyauka halikunyauka. Lilisimama wima, zima kabisa, ila weupe ndio ulioondoka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: umelipaka rangi, umeniuzia kitu bandia, nipe changu niende zangu.

Kijana wa kitaluni alilitazama, akanitazama mimi, akacheka hadi akautua chini mpira wa maji. "Mama, hili halijaharibika. Limezeeka tu."

Pesa sikurudishiwa, na sasa naona sikustahili. Lakini kijana naye ana lake la kujibu, nitalifikia.

Mmea huu nimekaa nao mwaka na zaidi. Naandika kwa ajili ya anayefikiria kuununua, hasa wenzangu wa Mombasa, kwa sababu karibu kila nilichosoma kiliwalenga watu wa nchi za baridi wanaohofia dirisha la theluji na joto la hita. Sisi adui yetu ni mwingine kabisa.

Nilinunua mwezi wa Januari, shilingi 1,200 pamoja na chungu cha kauri cheupe cha kupendeza. Mmea ulikuwa na maua matatu. Kwenye kibandiko waliandika Peace Lily, pale kitaluni wanatamka pislili, nami nimeishika hiyo hiyo. Mtandaoni utakuta wengine wanaita yungiyungi la amani. Jina tamu, lakini hili si yungiyungi la kweli. Aliyenifumbua macho ni mamangu, ambaye hajasoma kibandiko chochote. Alipokuja kunitembelea aliliinamia ua akavuta pumzi, akainuka na uso uliokunjana. "Halinuki? Ua lisilonuka la kazi gani?" Yeye ni mtu wa asumini na vilua, simlaumu. Kisha akashika jani, akafuatisha kikonyo kwa kidole hadi kwenye udongo. "Hili si jimbi hili?"

Kumbe alikuwa karibu sana na ukweli. Pislili, ambayo wataalamu wanaiita Spathiphyllum, ni ya ukoo mmoja na majimbi tunayopika kwa tui la nazi mwezi wa Ramadhani. Anthuria pia ni wa ukoo huo. Nalitaja hilo kwa sababu kule kitaluni nilionyeshwa "pislili nyekundu" kwa bei mara mbili, nayo ilikuwa anthuria. Pislili nyekundu hakuna. Ukiona ya buluu au ya waridi, jua imetiwa rangi na mkono wa mtu.

Sasa hiyo kijani. Kile cheupe tunachokiita ua si ua. Ni jani. Jani lililobadilika umbo na kazi, likawa kama bendera ya kuwaita wadudu. Maua yenyewe ni vile vichembe vidogo vilivyopangana kwenye kijiti cha katikati, kile kinachofanana na kigunzi cha hindi changa. Ukiangalia kwa makini asubuhi utaona unga mweupe umedondoka kwenye majani ya chini. Ni chavua hiyo, si ugonjwa. Mimi nilishaifuta mara mbili kwa kitambaa nikidhani ni ukungu.

Basi jani hilo huchomoza likiwa limejiviringa, la kijani. Likifunguka huwa jeupe. Kazi ya kuita wadudu ikishapita, mmea hauoni faida ya kuliacha likae bure, hulijaza klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, nalo hurudi kufanya kazi ya majani mengine: kupika chakula kwa mwanga. Hapo ndipo ukijani unaporudi, ukianzia kwenye mishipa na ncha, ukatambaa kote. Baada ya wiki nyingine linaanza kuwa kahawia, halafu linakauka. Hakuna dawa ya kulizuia na hakuna haja. Maua yangu ya kwanza yalidumu meupe karibu mwezi mmoja, tena sebuleni kwenye joto la Januari, na sasa nikilinganisha na shada la waridi linalokufa siku ya nne naona nilikuwa mlalamishi bure.

Kijana alinifundisha kukata: unafuata kikonyo cha ua kuukuu hadi chini kabisa kinapotokea, unakata kwa kisu safi. Usikate kichwa tu ukaacha mti umesimama, utaoza. Nikakata yote matatu, nikarudi nyumbani, nikangoja mengine.

Machi, hakuna. Na hapa ndipo nilipoanza ujinga wangu mwenyewe. Niliingia duka la pembejeo nikaomba mbolea ya kuchanulisha. Nikapewa ya chembechembe, ile ya kukuzia mboga, iliyojaa naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani. Nikatia kijiko kizima. Wiki ya pili nikaona kimya, nikatia kingine. Majani yalishiba, yakawa makubwa na meusi kwa ukijani, jirani akauliza ninayalisha nini. Maua hata moja. Kisha ncha za majani zikaanza kuungua, kahawia, kama mtu amepitisha kiberiti pembeni.

Jambo ambalo hakuna muuzaji atakalokwambia ni hili: pislili ikiwa dukani na maua mengi kwa pamoja, mara nyingi mkulima amepulizia homoni ya jiberelini ili ichanue kwa wakati wa soko. Ukifika nayo nyumbani inarudia mwendo wake wa asili, na inaweza kukaa miezi bila kuchanua. Si wewe uliyekosea. Ningelijua hilo mwezi wa Machi, kile kijiko cha pili ningekiacha kwenye mfuko.

Lakini mbolea peke yake haikuwa imeunguza zile ncha. Juu ya udongo kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, unaobanduka kwa ukucha. Niliuonja (msinicheke). Chumvi.

Mwenye kukaa Mombasa ameshaelewa. Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu, na siku nyingine zote jengo linatumia maji ya kisima. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, bahari iko hapo chini, kwa hiyo kisima kinatoa maji yenye chumvi na chokaa. Sabuni haitoi povu, birika linaota magamba, nasi tumezoea. Pislili haikuzoea. Kila nilipoimwagilia, maji yaliruka hewani na chumvi ikabaki, wiki baada ya wiki, na mizizi ikawa imekaa kwenye kitu kama mchuzi uliokolea. Mmea kwenye udongo wa chumvi unakuwa na kiu hata ukiwa umelowa.

Na hapa ndipo lilipo kosa la kitalu. Kile chungu cha kauri cheupe cha kupendeza hakikuwa na tundu. Katika zile 1,200, shilingi 500 zilikuwa kwa ajili yake, na kijana akanihakikishia "hiki ndicho kinachofaa sebuleni, hakichafui zulia". Zulia halikuchafuka kweli. Maji yalituama chini, mizizi ya chini ikawa laini na nyeusi, ikinuka kama mtaro. Kosa hili nimelikuta kwenye vitalu vitatu tofauti vya mji huu, kwa hiyo kabla hujalipa, pindua chungu utazame. Kama hakina tundu, kitumie kama koti la nje tu, mmea ubaki kwenye kopo la plastiki lenye matundu ndani yake, na maji yakijikusanya umwage.

Aprili mvua za masika zikanisaidia. Niliutoa mmea, nikakata mizizi iliyooza, nikautia kwenye kopo la matundu, nikatega ndoo mbili kwenye roshani. Maji ya mvua nilimimina polepole juu ya udongo, mengi, yakatoka chini, nikamimina tena, mara nne au tano, ili yaondoke na chumvi na mbolea niliyozidisha. Udongo mpya nilichanganya mwenyewe: udongo mwekundu sehemu moja, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu mbili. Makumbi niliyaloweka siku mbili kwenye maji matamu nikibadilisha maji, maana nayo hubeba chumvi. Jirani alinishauri nichanganye mchanga wa ufukweni, "upo bure Nyali." Alikuwa na nia njema.

Tangu hapo siuwekei mmea ratiba ya maji. Natia kidole kwenye udongo hadi pingili ya kwanza. Pakavu, namwagilia hadi maji yatoke chini, paloevu, naachana nao. Ukisahau, wenyewe hukwambia: majani yote hulala chini kwa pamoja kama mtu aliyezimia. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Ukimwagilia, baada ya saa chache yameinuka. Ila usiufanye mchezo wa kila wiki, kila kuzimia kunaacha jani moja au mawili ya njano. Na uangalie: mizizi ikioza majani hulala vilevile, huku udongo umelowa. Hapo maji zaidi ni kuumalizia. Maji ya mvua yakiisha natumia ya mfereji siku za zamu, nayaweka kwenye mtungi wa lita 20 kwa ajili ya maua pekee. Mume wangu ana maoni yake kuhusu mtungi huo.

Mwanga haukunisumbua sana. Kwao ni misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini, chini ya miti mikubwa, kwa hiyo jua la moja kwa moja linababua majani, na giza linaunyima maua. Mimi nimeuweka hatua mbili kutoka dirisha la mashariki nyuma ya pazia jepesi. Unyevu wa hewa yetu unaupenda kuliko tunavyoupenda sisi. Usiuweke tu mbele ya kiyoyozi.

Septemba likachomoza ua. Moja. Likafunguka, nalo lilikuwa la kijani kijani tangu siku ya kwanza, weupe kidogo katikati. Safari hii sikupanda tuktuk. Naitrojeni ilikuwa bado imebaki mwilini mwa mmea, na mmea ulioshiba naitrojeni hutoa maua yenye ukijani. Nikaacha mbolea kabisa hadi mwisho wa mwaka. Desemba yakaja mawili, meupe, safi. Siku hizi natia mbolea ya maji yenye uwiano sawa, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kila miezi miwili.

Wenye paka na watoto wadogo wasikie hili. Mama alivyosema ni jimbi hakukosea hata kwenye kuwasha: majani yana vichembe vya kalsiamu oksaleti vyenye ncha kama sindano, ndivyo vinavyokuwasha koo ukila jimbi lisiloiva. Paka wa ngazi zetu aliingia akatafuna jani, akatokwa na mate, akajipapasa mdomo kwa miguu, akapona baada ya muda. Hilo ni tofauti na mayungiyungi ya kweli yanayouzwa kwenye mashada, ambayo huua figo za paka. Hata hivyo niliupandisha mmea juu ya kabati la viatu.

Wauzaji wengine wanaiuza kwa maneno ya kusafisha hewa ya nyumba, wakitaja NASA, shirika la Marekani la anga za juu. Utafiti upo kweli, wa 1989, lakini ulifanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa. Sebule yenye madirisha wazi na upepo wa kusi ni mambo mengine. Nunua kwa sababu unaipenda.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa shilingi 700 bila kile chungu. Mmea wenyewe naupa nyota nne kati ya tano. Kitalu nakipa mbili: moja ya mmea kuwa na afya siku ya kwanza, na ya pili ya yule kijana kunieleza ukweli badala ya kuniuzia dawa ya kuurudisha weupe, maana siku ile ningeinunua. Kama nyumbani kwako yanatoka maji ya kisima tu, na huna pa kutegea ya mvua, afadhali ununue mmea mwingine.

Mwezi uliopita nimeugawa, mashina matatu yakatoka na mizizi yake. Moja nimempelekea mama. Ameliweka barazani chini ya kivuli cha mwasumini, analimwagilia maji aliyooshea mchele, na kila nikipiga simu ananiambia jimbi langu halijambo.